Musawo aliuliza kama mama anaongea, nikasema ndiyo

Daftari la kurasa 48 nililinunua kwa shilingi 1,000, kwa mama anayeuza maji na ndizi nje ya geti la hospitali. Aliniuliza, "La mgonjwa?" kwa sauti ileile anayoulizia utachukua ndizi ngapi. Fomu zilikuwa zimekwisha ndani, na mimi, mtu mzima wa miaka 34 niliyezaliwa na kukulia Uganda hii hii, sikujua kwamba faili la mama yangu lingekuwa daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake. Leo ninalo bado. Nikilifungua ukurasa wa kwanza naona mwandiko wa daktari umeandikwa haraka, na chini yake mwandiko wangu, nilioanza kuuandika nikiwa nimechelewa.

Mama yangu ana miaka 63, ni Mnubi wa Bombo, mjane wa mwanajeshi. Nyumbani tunaongea Kinubi na Kiswahili. Kiganda anakielewa vizuri tu, lakini akiugua hukisahau chote. Ana ugonjwa wa sukari kwa miaka tisa sasa, na hutumia vidonge anavyopewa bure kituo cha afya vikiwepo, au ananunua visipokuwepo. Mwezi wa Ramadhani wa 2024 alikuja kukaa nami Bwaise, mtaa wa Kampala. Musawo wake, ndivyo tunavyomwita daktari au nesi kwa Kiganda, alikuwa amemwambia asifunge. Mama akaniambia, "Usinitie aibu kwa watu, mwanangu, nimefunga tangu nikiwa msichana," nami nikanyamaza. Akawa anakula daku, anameza kidonge chake cha asubuhi kwenye daku hiyohiyo, kisha hali kitu mpaka magharibi. Kwa siku kumi na kitu hakuna lililotokea, na tukaona musawo alizidisha woga.

Ijumaa moja mvua ilinyesha mchana kutwa, na anayeijua Bwaise anajua maana yake. Mtaro ulifurika, maji meusi yakafika kizingitini. Nilifunga meza yangu ya mitumba soko la Owino mapema, nikafika nyumbani kama saa kumi. Nilimkuta mama ameketi mkekani katikati ya vikapu vyake, anasuka. Mikono inakwenda, vidole vinapinda na kuvuta, ila hakuna ukindu mkononi. Alikuwa anasuka hewa. Jasho lilimlowesha kana kwamba yuko Arua mwezi wa Januari, na siku yenyewe ilikuwa ya baridi. Nilipomsalimu alinijibu maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na mkono wa kulia ulikuwa mzito kuliko wa kushoto.

Jirani mmoja akasema kiharusi. Mwingine akasema hayo ni mambo ya watu. Hakuna aliyesema sukari, hata mimi niliyekuwa nikiishi na vidonge vyake juu ya kabati.

Tulimpeleka kwanza kliniki ya mtaani, kwa sababu ilikuwa hatua hamsini na barabara imejaa maji. Kijana aliyekuwepo alimtoboa kidole, akatazama kipimo cha malaria, akasema ni malaria na taifodi, akamtundikia dripu. Hapo zilikwenda shilingi 65,000 na dakika hamsini. Simlaumu sana kijana yule, maana Uganda malaria ndiyo jibu la kwanza la kila homa, na mara nyingi ndiyo kweli. Lakini mama hakuwa na homa. Alikuwa baridi kama chura. Na ile dripu ilikuwa ya maji ya chumvi, jambo ambalo sikulijua kwa sababu mimi nilidhani dripu ni dripu, ukishatundikiwa umetibiwa. Kidole alishatobolewa. Tone jingine moja la damu kwenye mashine ya sukari lingemaliza habari palepale.

Kaka yangu, ambaye ni mtu wa boda, alifika tukamwona mama macho yanakwenda juu. Tukambeba kwenye kiti cha plastiki hadi barabara kuu. Mwenye speshelo, gari la kukodi, akatutoza 50,000 kwa sababu ya maji, safari ambayo siku nyingine ni 20,000. Jemu ilikuwa ya Ijumaa ya mvua, sina la kuongeza. Redio ya gari ilipoadhini magharibi, saa moja kasoro, ndipo tulipoingia geti la hospitali kubwa ya serikali ambayo sitaitaja jina.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Mlangoni pa chumba cha dharura palikuwa na nesi mmoja amevaa glavu, na nyuma yetu likaingia gari la polisi na vijana watatu wa ajali ya boda, mmoja kichwa kimefungwa fulana iliyojaa damu. Nesi alimtazama mama kwa sekunde chache, akaniuliza kwa Kiganda, "Ayogera?" Yaani, anaongea? Nikasema ndiyo, anaongea. Mama alikuwa ananung'unika, na kwangu kunung'unika kulikuwa kuongea. Pia niliona haya kumtangaza mama yangu mbele ya watu kwamba amepotewa na akili. Nesi akatuonyesha benchi.

Tulikaa kwenye lile benchi saa mbili na dakika ishirini.

Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba chumba cha dharura hakifuati nani kafika mwanzo. Wagonjwa wanapangwa kwa rangi: nyekundu kwa anayeweza kufa sasa hivi, njano kwa anayeweza kungoja kidogo, kijani kwa anayeweza kungoja sana. Swali lile la neno moja lilikuwa ndilo mizani yenyewe. Anayeongea vizuri, ubongo wake unafanya kazi, anangoja. Neno langu "ndiyo" ndilo lililomkalisha mama benchi, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunieleza uzito wake. Ningejua ningesema hivi: "Anatoa sauti lakini maneno hayaeleweki. Asubuhi alikuwa mzima. Ana sukari, anameza vidonge, na leo hajala tangu saa kumi na moja alfajiri." Sentensi tatu. Nimezikariri kama shahada, na nimezifundisha ndugu zangu wote.

Lakini usiku ule sikusema hizo. Nilichosema nilipokwisha kuchoka ni matusi. Nilimfuata yule nesi nikamwambia kwa sauti, mbele ya watu, kwamba wao wanangoja pesa, na kama mama angekuwa mke wa waziri angekuwa kitandani. Nesi hakunijibu. Alikuwa ameshika mfuko wa damu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anamzuia kijana mwenye fulana asijing'oe kanula, ile sindano ya mshipani. Alinitazama tu, akageuka. Watu wa benchi walinishangilia, mmoja akasema, "Waambie, nnyabo!" yaani dada. Nilijisikia shujaa kwa dakika tano. Mama akaendelea kuloa jasho.

Aliyetusaidia ni askari wa geti, mzee aliyewahi kuwa jeshini. Alimsikia mama ananung'unika kwa Kiswahili, akaja kumwamkia, na mama hakumwitikia. Mzee akaniambia taratibu, "Dada, kelele hapa wameshazizoea. Nenda kwa yule daktari kijana, umwambie jambo moja tu, lile kubwa." Nikaenda. Nikasema, "Daktari, mama ana sukari na hanitambui." Hapo kijana akaacha alichokuwa akiandika.

Alikuwa daktari wa mafunzo, macho mekundu kwa usingizi. Akaomba mashine ya sukari. Mashine ipo, stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, zimekwisha. Akaniandikia kwenye karatasi: stripu, kanula, glavu, bomba la sindano, dekstrosi ya asilimia 50, yaani maji ya sukari ya kuchoma mshipani. Kaka yangu akakimbia duka la dawa ng'ambo ya barabara. Stripu za mashine ile hazikuwepo, ikabidi anunue mashine mpya pamoja na stripu zake, 120,000, na vile vitu vingine 46,000. Nilikasirika tena. Serikali ilifuta ada katika hospitali zake tangu Machi 2001, na ni kweli: mpaka tunatoka hakuna aliyetutoza hata senti kwa kitanda au kwa daktari. Lakini matibabu ya bure bila stripu ni kama sufuria bila unga. Ukienda hospitali ya serikali usiku, nenda na pesa kwenye simu, na mtu mmoja mwenye miguu mizuri wa kukimbia dukani. Asiwe yule anayejua habari za mgonjwa. Huyo abaki kando ya kitanda.

Sukari ya mama ilisoma 1.7. Kwa mgonjwa anayetumia dawa, chini ya 4 tayari ni hatari. Daktari akamchoma ile dekstrosi polepole kwenye mshipa, na sitasahau kilichofuata. Ilikuwa kama mtu anarudisha umeme nyumba nzima. Macho yalitulia, mkono wa kulia ukanyanyuka kurekebisha mtandio, na mama akauliza, "Magharibi imeadhiniwa?" Ilikuwa yapata saa nne za usiku. Kaka yangu alicheka mpaka akakaa chini. Kiharusi hakikuwepo. Sukari ikishuka sana inaweza kuigiza kiharusi, inaweza kuigiza ulevi, inaweza kuigiza wazimu, hata hayo mambo ya watu. Kwa hiyo mtu mwenye sukari akianza vituko, kipimo cha kwanza ni hicho. Na kama bado anaweza kumeza, apewe chai yenye vijiko vitatu vya sukari au soda ya kawaida hata kabla hujatafuta usafiri. Asiyeweza kumeza usimmiminie kitu kinywani, atapaliwa.

Daktari aliniuliza vidonge gani. Nikasema, "Vya sukari." Vya jina gani? Sijui. Vyeupe. Akauliza, amekula leo? Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo linaniuma kuliko matusi. Mama alinitazama, nikakumbuka "usinitie aibu," nikasema amekula kidogo mchana.

Kwa uongo huo daktari aliandika kwamba amekula, ameamka, sukari 9.8, aangaliwe. Kisha zamu yake ikaisha. Aliyempokea alikuwa na daftari la mama lenye mstari ule, na chumba kilichojaa. Akaona mgonjwa anayeongea na kunywa chai, akapita kwa wengine, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Sisi nasi tulikuwa tunataka kwenda nyumbani. Kitanda hakikuwepo, mama alilala kwenye mkeka sakafuni. Kuna mwanamume aliyevaa koti jeupe aliyetuambia atatutafutia kitanda kwa 50,000. Nilimpa. Hatukumwona tena, na sina hakika hata kama alikuwa mfanyakazi wa pale. Siku hizi mtu akiniomba pesa hospitalini namwomba risiti, na sijaona anayeomba kihalali akikataa kuitoa.

Saa tisa usiku niliamshwa na ubaridi wa mkono wake. Jasho tena, mtandio umelowa. Nikaenda kumwita musawo wa zamu. Nikalia. Akaniambia kwa upole kabisa, "Nnyabo, mama amechoka, mwache alale." Nikarudi, nikakaa. Mama mmoja kutoka Luwero, aliyekuwa anamuuguza mtoto wake pembeni yetu, akanitazama kama mtu asiyenielewa. "Si mna mashine yenu?" akasema. "Pima."

Ilisoma 2.1. Nikaenda tena, safari hii sikulia. Nikamwonyesha kioo cha mashine. Aliinuka kabla sijafungua mdomo.

Ndipo nikasema yote: daku, kidonge cha alfajiri, siku kumi na kitu za kufunga. Kaka akampigia mke wake, naye mke akatusomea pakiti iliyo juu ya kabati: glibenklamidi. Musawo akashusha pumzi. Akanieleza kwamba kidonge kile hukaa mwilini muda mrefu, hukaa zaidi figo zikiwa zimechoka, na huendelea kuishusha sukari hata baada ya mgonjwa kuchomwa dekstrosi na kuamka. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo harudishwi nyumbani usiku uleule, na ndiyo maana hupimwa tena na tena. Wakamtundikia dripu, ya sukari safari hii, na mimi nikapewa kazi: pima kila saa, andika. Hapo ndipo mwandiko wangu ulipoanza kwenye daftari. Saa 10 usiku, 4.4. Saa 11, 5.9. Saa 12 asubuhi, 5.2, amekunywa uji.

Asubuhi wasawo wa zamu mpya walipofika sikungoja kuulizwa. Nilisimama, nikawasomea ukurasa. Nikafanya hivyo tena jioni, na Jumapili asubuhi tena. Ukiniuliza kazi ya ndugu hospitalini ni nini, nitakwambia ni hiyo. Kubeba ndoo na kuleta chakula yeyote anaweza. Lakini madaktari watatu au wanne watapita kwa mgonjwa wako kwa siku mbili, na aliyemwona tangu mwanzo mpaka mwisho ni wewe peke yako. Andika dawa kwa jina, au leta pakiti yenyewe. Andika saa mambo yalipoanza. Na lile linalokutia haya liandike la kwanza.

Vipimo vya figo tulipelekwa kufanya maabara ya nje, 85,000 pamoja na vingine. Figo zilikuwa zimepungua nguvu, si sana. Wakamwachisha glibenklamidi wakamwanzishia dawa nyingine. Ukijumlisha na mkeka, chakula na muda wa hewani tulitumia kama 450,000, na mimi nikapoteza siku nne za Owino katika mwezi ambao watu wananunua nguo za Idi. Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021, rais hakuutia saini, kwa hiyo bima ya watu kama sisi ni kaka mwenye boda na majirani waliochanga Jumamosi.

Nilikuwa na mpango wa kulalamika. Kuna Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa Wizara ya Afya, wa 2009, unaosema mgonjwa wa dharura ana haki ya kuhudumiwa na kuelezwa hali yake. Nilikwenda ofisi ya msimamizi nikiwa na karatasi yangu, na nilisema niliyotaka kusema: saa mbili na dakika ishirini, stripu hakuna, mtu wa koti jeupe. Msimamizi aliyaandika yote bila kubishana. Kisha akafungua kitabu cha zamu, akanionyesha ile Ijumaa. Manesi wawili, kwa chumba kizima. Bado naamini mama alistahili kupimwa mlangoni, na stripu si kitu cha kukosekana chumba cha dharura. Sikuifuta hata sentensi moja ya malalamiko yangu. Ila nilipotoka pale nilikuwa na deni.

Ramadhani iliyofuata mama hakufunga. Sheikh wa Bombo alimsomea aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara, mgonjwa na ruhusa yake, akamwelekeza kutoa fidya ya kulisha maskini kwa kila siku. Alimsikiliza sheikh, mimi hakunisikiliza. Mashine ya 120,000 sasa anaimiliki yeye, na jioni hupima mpaka majirani waliokuja kufuturu, watake wasitake.

Mimi nilirudi hospitalini siku moja baada ya Idi, na mfuko wa machungwa. Nilimngoja yule nesi mpaka akapata nafasi, nikamwambia ni mimi niliyemtukana Ijumaa ya mvua, mbele ya watu, kuhusu mke wa waziri. Akanitazama usoni kwa muda, akijitahidi kwa dhati.

"Nnyabo, Ijumaa ipi?"

Nikamweleza benchi, vijana wa boda, mama wa Kiswahili. Akatikisa kichwa. Hakukumbuka hata kidogo. Akapokea machungwa, akauliza, "Na mama, sukari yake inasoma ngapi siku hizi?" Nikamwambia asubuhi ilisoma 7.1. Akasema hiyo si mbaya, kisha mtu akamwita kutoka ndani, akaenda na mfuko wake mkononi.